Uchafu wa jikoni: kinachouzwa, kinachorudi udongoni, na kisichokuwa na mteja

Juma hili tunabaki nyumbani, tena nyuma ya nyumba, pale ambapo mgeni hapelekwi. Parseli nyingi za Lubumbashi zina shimo lao la uchafu. Likijaa, linachomwa. Likijaa tena, linafunikwa udongo na lingine linachimbwa pembeni. Lakini parseli ikishagawanywa kwa wapangaji wanne watano, nafasi ya kuchimba inakwisha, na hapo ndipo mifuko inaanza kutoka usiku: kwenye mfereji, kwenye kiwanja cha mtu aliyesafiri, kando ya kijito. Asubuhi kila mtu anauliza nani ametupa, na hakuna anayejibu.

Wengi tunangoja gari. Gari likija ni vizuri, na kodi tunayolipa inatupa haki ya kulidai. Lakini gari linabeba tu kile tulichokwisha kuharibu kwa kukichanganya. Kazi kubwa inafanyika kabla, kwenye mlango wa jiko, na sehemu kubwa ya vile tunavyotupa ina mahali pa kwenda hapa hapa mjini bila kungoja mtu wa meya.

Mji wetu unalijua jambo hili kuliko miji mingi. Tazama ule mlima mweusi ulio kando ya bomba refu la moshi la Gécamines. Ni mabaki ya tanuru za shaba, yaliyomwagwa pale mwaka baada ya mwaka tangu wakati wa Union Minière, na wazee wetu waliuona kama majivu tu ya kiwanda. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda cha STL kinayachukua mabaki hayo na kuyapitisha tena motoni ili kutoa kobalti, na pamoja nayo shaba na zinki. Oktoba 2024 Gécamines ikatangaza mzigo wa kwanza wa jermaniamu kutoka STL kwenda Ubelgiji. Sisemi kwamba maganda ya ndizi yatageuka kobalti. Nasema mlima ule ulipata bei kwa sababu ni wa kitu cha aina moja. Ungechanganywa na sashe, mifupa na majani ya sombe, ungekuwa jalala mpaka leo.

Ndoo ya mabichi, gunia la makavu

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 juu ya uchafu wa miji inaonyesha kwamba katika nchi zenye kipato kidogo, karibu asilimia 57 ya uchafu ni chakula na majani. Zaidi ya nusu! Na wewe mwenyewe unaweza kuhakikisha kwa mkono. Beba mfuko wa uchafu wa siku moja: uzito wote ni mashina ya sombe, maganda ya mihogo na viazi vitamu, majani ya mahindi, na kuanzia Novemba maganda na kokwa za maembe. Chupa na makopo yanajaza macho, lakini hayana uzito. Ukilipa mtu wa mkokoteni kwa mfuko, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya franka zako zinalipia kusafirisha maji na maganda.

Kwa hiyo utaratibu wenyewe ni mdogo. Ndoo moja yenye kifuniko kwa vitu vibichi vya jikoni. Gunia moja lililotundikwa kwenye msumari, mbali na mvua, kwa vitu vikavu. Majivu ya mbabula peke yake kwenye kopo la chuma, maana majivu yenye kaa lililojificha yameshatoboa ndoo nyingi za plastiki. Basi. Hakuna rangi tatu za mapipa kama tunavyoona kwenye televisheni ya Ulaya, na hakuna sababu ya kununua chombo kipya.

Faida ya kutenganisha inaonekana pande zote mbili. Chupa iliyolala na mchuzi haina mnunuzi, na karatasi iliyolowa imekufa. Upande wa pili, maganda yenye vipande vya sashe ndani hayawezi kurudi shambani, kwa sababu plastiki haiozi, utaikuta tena mwakani ukilima.

Vile vibichi vinageuka mbolea, ile tunayoita mboji. Shimo la kina cha magoti linatosha, au lundo tu kwenye kivuli cha mwembe. Tandika maganda, juu yake majani makavu au maranda ya mbao, halafu maganda tena. Liwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa, lisiwe tope. Ligeuze kila juma moja au mawili ili hewa iingie. Likinuka vibaya, limezidi maji: ongeza majani makavu. Nyama, mifupa ya samaki na mafuta usiweke, utaita panya na mbwa wa kartie nzima. Baada ya miezi mitatu hivi utakuta udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua. Majivu kidogo sana yanaweza kuingia, maana udongo wetu una ukali na majivu yanaupunguza. Yaliyobaki yamwage kwenye choo cha shimo, yanapunguza harufu na nzi.

Hapa ningependa kusimama kidogo, kwa sababu kwa mama wa Lubumbashi mboji ina maana ambayo mama wa mji mwingine pengine hana haja nayo. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima mboga za majani zinazouzwa kwenye masoko yetu pamoja na udongo wa bustani za mji, na wamekuta ndani yake madini: shaba, kobalti, risasi, kadmiamu. Penga Penga na sehemu nyingine zilizokaa miaka mingi upande ambao upepo unapeleka moshi wa kiwanda, ardhi yenyewe imebeba mzigo huo. Profesa Célestin Banza wa chuo hicho hicho na wenzake wa Leuven walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga: waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na madini mengi zaidi, na kwa kobalti watoto waliwazidi watu wazima. Watoto wanacheza chini, wanatia mikono mdomoni.

Mboji haiondoi madini udongoni. Inachofanya ni kuyashika, ili mmea uyanywe kidogo, na chokaa ya shambani inasaidia kazi hiyo hiyo. Ukikaa sehemu kama hizo, inua tuta lako juu ya ardhi kwa udongo uliotoka mbali na mboji ya jikoni, na osha lengalenga mara mbili tatu kwa maji safi, maana madini mengi yako kwenye vumbi lililokaa juu ya jani. Halafu jambo moja ambalo tunalikosea karibu sote: vumbi la kufagia uwanja lisiingie kwenye lundo la mboji. Tunafagia asubuhi, tunakusanya vumbi na majani pamoja, tunamwaga kwa mbolea. Okota majani, vumbi liache.

Makavu na wateja wake

Gunia la makavu likijaa, limwage kwenye mkeka na uangalie kilichomo.

Chupa za bia na za sukari hazihitaji maelezo. Vidanji tumekua navyo: bila chupa tupu hupewi iliyojaa, au unalipia na chupa yenyewe. Huo ndio utaratibu wa zamani kuliko wote wa kurudisha vitu katika mji huu, na umefanya kazi miaka yote bila semina. Hata mtoto wa miaka sita anajua kwamba chupa ya Simba haitupwi. Anajua kwa nini? Kwa sababu bei yake iko ndani yake tangu siku ya kununuliwa. Chupa ya plastiki ilikuja bila bei ya kurudi, ndiyo maana inalala mferejini. Maoni yangu ni kwamba siku viwanda vya vinywaji vitakapolazimishwa kurudisha franka kidogo kwa kila chupa ya plastiki, mifereji ya Kenya na Katuba itasafishwa na watoto kabla ya saa sita mchana. Mpaka siku hiyo, tunabaki na soko dogo lililopo.

Nalo lipo. Wanaouza mafuta ya mawese, munkoyo, asali na sabuni ya maji wananunua chupa tupu, safi, zenye vifuniko. Chupa bila kifuniko haina bei, kwa hiyo fundisha watoto wasitupe vifuniko. Bidoni za lita tano na ishirini zinauzwa zenyewe. Lakini chupa au bidoni iliyobeba mafuta ya gari, dawa ya panya au tindikali ya betri isirudi kamwe kwenye chakula, hata ukiiosha mara kumi. Itoboe kwa msumari kabla ya kuiweka chini, ili asitokee mtu wa kuiosha na kuiuza sokoni.

Vyuma ni mitraye, na wanunuzi wa mitraye wanapita wenyewe barabarani. Mabati mabovu, sufuria zilizotoboka, vipuri vya baiskeli, makopo: mafundi wanageuza mabati kuwa mbabula, na aluminiamu inayeyushwa kuwa sufuria mpya. Kuhusu sufuria hizo za kuyeyusha kuna neno la afya. Mwaka 2014 watafiti waliopima sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni walikuta risasi inatoka kwenye chuma na kuingia katika chakula, hasa chakula chenye uchachu, na vipimo vilivyofuata katika nchi nyingine za Afrika na Asia vilionyesha hali kama hiyo, kwa sababu fundi anayeyusha pamoja chochote alicholetewa. Kwa bukari na maji ya kuoga sina maneno. Lakini tomato na ndimu zipike kwenye chombo kingine, na mboga iliyobaki isilale ndani ya sufuria hiyo mpaka kesho.

Waya wa shaba unahitaji tahadhari ya aina nyingine. Kikundi cha bamama kisinunue waya kutoka kwa mtoto wala kijana asiyejulikana. Nyaya za SNEL zinaibwa, kartie inabaki gizani, na anayekutwa na waya mkononi ndiye anayejibu polisi.

Betri za gari, na zile za taa za jua zilizojaa nyumbani siku hizi, zisivunjwe nyumbani. Kuna mji ng'ambo ya mpaka ambao unatosha kuwa mfano: Kabwe, Zambia. Pale risasi ilichimbwa na kuyeyushwa kutoka mwaka 1906 mpaka 1994, na miaka mingi baada ya mgodi kufungwa, watoto waliozaliwa karibu bado wanakutwa na risasi katika damu. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na shule haiwezi kuurudisha. Betri iuzwe nzima, na mpaka siku hiyo ikae mahali ambapo mtoto hafiki.

Sashe

Sasa tunafika kwenye kitu ambacho hakuna mtu anayekinunua. Sashe nyeusi, sashe ya maji, karatasi ya biskuti inayong'aa. Amri ya serikali namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Ukienda sokoni kesho, hesabu utapewa ngapi kabla hujafika nyumbani.

Kwa kuwa hazina mteja, tunazipa kazi: tunawashia makala. Ni rahisi, sashe moja chini ya makala na moto umeshika. Mama ameinama juu ya mbabula, mtoto yuko mgongoni, pua zao wawili ziko ndani ya ule moshi mweusi. Moshi wa plastiki ni sumu, na mabaki yake yanatua juu ya kile utakachokula. Katika mambo yote ya ukurasa huu, kama una nguvu ya kubadilisha moja tu, badilisha hili. Magunzi ya mahindi yaliyokaushwa juani yanawasha vizuri, na unayo bure. Vipande vya mbao kutoka kwa seremala pia. Weka akiba yake kwenye gunia wakati wa kiangazi, kwa sababu Januari hutapata kitu kikavu.

Wenzetu wa miji mingine wamejaribu kuipa plastiki kazi ya maana. Bukavu, ambako uchafu wa Ziwa Kivu unafika mpaka bwawa la Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme, dada Nicole Menemene ameanzisha karakana ya Plastycor inayogeuza chupa na plastiki za ziwani kuwa vikapu, stuli na vyungu vya maua. Nairobi, mhandisi Nzambi Matee, aliyepewa tuzo na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020, anachanganya plastiki na mchanga na kutoa matofali ya kutandika njiani. Ni kazi nzuri. Lakini zinataka mashine, umeme usiokatika na mtaji. Zisitufanye tuseme tutangoja mashine. Kwa sashe, dawa tuliyonayo ni kuzikataa mlangoni: kikapu mkononi, sahani yenye kifuniko kwa beinye za asubuhi, kitambaa kwa mkate. Muuzaji anayejua kwamba wateja wake ishirini wanakuja na vikapu hanunui sashe za ishirini hao.

Kwa nini nyumba zinaanza na kuacha

Tuseme kweli: mipango ya namna hii huanza kwa nyimbo na kufa baada ya miezi miwili. Sababu zake si siri.

Ya kwanza ni salongo. Wazee wanaikumbuka ile ya miaka ya 1970, ya kulazimishwa, na mpaka leo mtu akisikia neno usafi anatafuta mlango wa nyuma. Tena salongo yetu ina tabia moja ya kuchekesha: tunazibua mfereji Jumamosi, tunaliacha tope na chupa kwenye ukingo, mvua ya Jumatatu inarudisha vyote ndani. Kama hakuna aliyepangwa kubeba, afadhali msizibue.

Ya pili, mtu wa mkokoteni anachanganya tena. Mama ametenganisha juma zima, halafu anaona kwa macho yake vyote vinamwagwa pamoja. Hawezi kuendelea. Kwa hiyo usimpe makavu kabisa. Mpe yale yaliyobaki tu, yatakuwa machache, na mpatane bei upya.

Ya tatu ni ngumu zaidi kusema. Kazi hii inamwangukia nani? Ukiuliza nyumbani, kila mtu atasema "sisi". Ukitazama, ni msichana wa miaka kumi na mbili anayechambua makopo kabla ya shule, na akichelewa anapigwa kule. Kila mtu aoshe chupa aliyoimaliza, baba pamoja. Watoto wasitumwe kuokota kwenye jalala wala kubeba mitraye saa za masomo. Kikundi kikikubali chuma kilicholetwa na mtoto saa nne asubuhi, kimemtoa darasani.

Na ya nne ni pesa. Uchafu ukiwa uchafu, hakuna anayeuulizia. Ukianza kuleta franka, wenyewe wanajitokeza: mwenye parseli, shemeji, kijana wa barabarani anayedai kartie ni yake. Hapa bamama tuna silaha ambayo wengine hawana, nayo ni likelemba. Tunajua kuandika jina na kiasi mbele ya wote, tunajua kuhesabu zamu. Fanyeni vile vile. Nyumba ishirini, kila moja ikileta chupa tano kwa juma, ni chupa mia. Mwezi ukiisha zimepita mia nne, na mnunuzi wa jumla anakuja kwenu badala ya nyinyi kuzunguka sokoni na chupa kumi kichwani. Siku moja ya kuleta, parseli moja ya kukusanyia, mama mmoja wa daftari na mwingine wa sanduku, wasiwe ndugu. Kila nyumba iandikwe kiasi ilicholeta. Kabla ya kuanza, nendeni kwa shefu wa avenyu, mwambieni mnafanya nini na wapi, ili lundo lenu lisiitwe jalala na jirani mwenye hasira. Mkubaliane mapema pia sehemu gani inagawanywa na sehemu gani inabaki, na kama inabaki, ni ya nini: sabuni ya chuo cha watoto, jembe, malipo ya mkokoteni. Pesa isiyo na jina inapata jina la mwenye njaa.

Wapangaji wa parseli moja wakishindwa kupatana, anzeni na nyumba mbili zinazopatana. Nyumba ya tatu itakuja ikiona lengalenga zenu.

Kwa wale wanaotaka kuanza sasa, angalieni kalenda. Mvua zetu zinashika kati ya Oktoba na Novemba. Shimo la mboji lichimbwe sehemu iliyoinuka, umbali mzuri kutoka kisima na choo, na lifunikwe kwa bati bovu au majani ya migomba, la sivyo mvua kubwa ya kwanza italijaza maji na kuwarudisha nzi wote mliowafukuza. Gunia la makavu liingie chini ya baraza. Na lile shimo la zamani la kuchomea, msilifunike kwa haraka: chimbueni kwanza vyuma vilivyolala chini, mnunuzi wa mitraye atavipima.